Kulisha Samaki Bila Mafuta ya Samaki: Mwongozo kwa Wafugaji na Wasagaji wa Vyakula, Eldoret

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria ili samaki hao wapate nafasi ya kuzaana. Athari zake hufika Eldoret mapema. Magunia ya omena ya kusaga hupungua, bei hupanda, na mtu anayejichanganyia chakula cha samaki huanza kuuliza atumie nini badala yake. Mafuta ya samaki yana shida kubwa zaidi, kwa kuwa bei yake huamuliwa mbali na hapa. Mwaka 2023 Peru, nchi inayoongoza duniani kwa unga na mafuta ya samaki, ilifuta msimu wa kwanza wa uvuvi wa anchoveta kwenye eneo lake kuu kwa sababu ya joto la El Niño na wingi wa samaki wachanga baharini. Bei ya mafuta ya samaki ikapanda kwa kiwango ambacho soko halikuwa limewahi kukiona.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mfugaji mwenye bwawa moja au kumi huku Uasin Gishu, na kwa msagaji anayewachanganyia wafugaji wa jirani. Msimamo wake ni huu: kwa tilapia na kambare, mafuta ya samaki hayahitajiki kabisa kwenye chakula cha kukuzia. Mara nyingi hata mafuta mengine ya mtungi hayahitajiki, kwa sababu yamo tayari ndani ya soya, mashudu na kiini cha mahindi ulichonunua. Anza kwa kuhesabu ulichonacho kabla ya kutafuta mbadala.

Jambo hili lina uzito. Katika mwaka wa fedha wa 2009/2010 serikali ilianzisha mpango wa kufufua uchumi ambao chini yake yalichimbwa mabwawa 200 katika kila eneobunge kati ya maeneobunge 140, kila bwawa likiwa na mita za mraba 300. Yako mabwawa ya wakati huo ambayo leo ni mashimo ya nyasi. Chakula huchukua zaidi ya nusu ya gharama ya kufuga samaki, na mfugaji akiambiwa anunue kitu cha bei ghali ambacho samaki wake hawakihitaji, bwawa linakufa ingawa samaki wenyewe hawana neno.

Samaki gani, mafuta gani

Samaki hula mafuta kwa sababu mbili. Ya kwanza ni nguvu: mafuta yakitosha, protini ambayo ni ya bei zaidi huenda kujenga mwili badala ya kuchomwa kama kuni. Ya pili ni zile asidi za mafuta ambazo mwili wa samaki hauwezi kujitengenezea, yaani za jamii ya omega-6 na omega-3. Hapa ndipo samaki wanapotofautiana, na hapa ndipo pesa hupotea.

Tilapia ni samaki wa maji ya joto na chakula chake cha asili ni mwani na majani. Anachohitaji zaidi ni asidi linoleiki, ambayo ni omega-6. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 1983 kwamba takriban nusu asilimia ya chakula inatosha kukidhi haja hiyo. Ukiongeza kidogo kwa usalama, weka asilimia moja. Asidi hiyo ndiyo iliyojaa kwenye mafuta ya soya, mahindi na alizeti, ambako hufikia nusu ya mafuta yote au zaidi. Akipata na omega-3 kidogo ya mimea, tilapia anaweza kuirefusha mwenyewe kuwa EPA na DHA, zile asidi zinazosifiwa kwenye mafuta ya samaki. Ukimjazia mafuta ya samaki mengi hatakua haraka zaidi, na anaweza hata kudumaa.

Kambare wa Afrika, anayeitwa mumi ziwani, anapenda chakula chenye mafuta mengi kidogo kuliko tilapia, kati ya asilimia 8 na 12, lakini naye hachagui sana. Huko Malaysia, watafiti wa Universiti Sains Malaysia waliwalisha kambare hawa mafuta ya mawese badala ya mafuta ya samaki, na samaki wakakua vizuri.

Trauti ni habari nyingine. Ni samaki wa maji baridi, kama ya mito ya Mlima Kenya, Aberdare na Mlima Elgon, na Kiganjo kule Nyeri ndiko kulikojulikana kwa kuzalisha vifaranga wake. Yeye anahitaji omega-3 hasa, na chakula chake huwa na mafuta asilimia 15 hadi 20. Anayefuga trauti huku nyanda za juu asome sehemu yake mahususi hapa chini, wala asifuate hesabu ya tilapia.

Hesabu ya gunia lako

Chukua karatasi uandike viungo vyako vyote kwa kilo katika kila kilo 100. Mbele ya kila kimoja andika kiasi cha protini na cha mafuta. Tarakimu ni hizi kwa makadirio: omena iliyokaushwa vizuri, protini asilimia 55 na mafuta 10, soya nzima iliyokaangwa, protini 37 na mafuta 18, mashudu ya alizeti yaliyokamuliwa kwa mashine ya kawaida, protini 27 na mafuta 9, kiini cha mahindi kutoka kwa kinu, protini 11 na mafuta 10, pumba za ngano, protini 16 na mafuta 4.

Sasa chakula cha tilapia wa kukuzia:

Omena kilo 15, soya nzima iliyokaangwa na kusagwa kilo 25, mashudu ya alizeti kilo 20, pumba za ngano kilo 25, kiini cha mahindi kilo 12, unga wa muhogo wa kushikanisha kilo 2, na mchanganyiko wa vitamini, madini na chumvi kilo 1.

Ukijumlisha utapata protini takriban asilimia 28 na mafuta takriban asilimia 10. Tilapia wa kukuzia anahitaji mafuta asilimia 5 hadi 8. Amepata zaidi ya haja yake, na hakuna hata tone lililotoka kwenye mtungi. Soya peke yake imeleta kilo nne na nusu za mafuta, na zaidi ya nusu ya hizo ni asidi linoleiki. Haja ya omega-6 imekidhiwa mara mbili. Omega-3 imeletwa na omena na sehemu ndogo ya soya.

Kambare apate protini zaidi: omena kilo 25, soya nzima iliyokaangwa kilo 30, mashudu ya soya kilo 10, mashudu ya alizeti kilo 10, pumba za ngano kilo 20, muhogo kilo 4, vitamini na madini kilo 1. Hapa protini ni asilimia 35 na mafuta asilimia 10. Hapa pia mtungi wa mafuta hauna kazi.

Mambo hubadilika pale msagaji anapotumia mashudu yaliyokamuliwa kwa kemikali viwandani, ambayo yamenyang'anywa karibu mafuta yote. Mashudu ya soya ya aina hiyo huwa na mafuta asilimia 1 au 2 tu. Ukiyaweka kilo 22 badala ya zile kilo 25 za soya nzima, gunia lako hushuka hadi mafuta asilimia 6 hivi, na kama mashudu ya alizeti nayo ni ya kiwandani, hushuka hadi 4 au 5. Hapo ndipo mafuta ya mimea huingia: kilo 2 hadi 3 katika kila kilo 100. Kilo 3 za mafuta ni lita 3 na robo. Usikisie kwa kikombe.

Muulize muuzaji wako wa agroveti mashudu yake yalikamuliwa vipi. Kama hajui, yafinye kwa vidole kwenye karatasi nyeupe na uiache saa moja. Ya mashine ya kawaida huacha doa la mafuta, ya kemikali huacha vumbi tu. Kipimo kamili kinapatikana maabara. Chuo Kikuu cha Eldoret kina idara ya sayansi ya uvuvi na viumbe vya majini, na msagaji anayeuza chakula kwa watu wengine ana wajibu wa kupima mafuta na protini angalau kila anapobadilisha alikonunua.

Mafuta yanayopatikana karibu nasi

Mafuta ya soya ndiyo ninayoyapendekeza kwanza. Yana omega-6 nyingi na omega-3 ya mimea karibu asilimia 7, mchanganyiko ambao mafuta ya mahindi na alizeti hayana. Alizeti ni ya pili. Inalimwa Bonde la Ufa, inakamuliwa na mashine ndogo, na mkulima anayekamua mwenyewe hupata mafuta na mashudu kwa mkupuo mmoja. Upungufu wake ni kwamba karibu haina omega-3 yoyote, kwa hiyo usiitegemee peke yake kwenye bwawa lenye maji meupe.

Kanola inastahili kutazamwa zaidi ya inavyotazamwa sasa. Wakulima wa ngano huipanda kwa kubadilishana na ngano ili kupumzisha shamba, na mafuta yake yana omega-3 ya mimea karibu asilimia 10. Mkulima wa Moiben au Ziwa mwenye kanola ghalani na bwawa nyuma ya boma ana mbadala mkononi mwake.

Kitani na chia zinaongoza kwa omega-3: nusu ya mafuta ya kitani au zaidi ni ya aina hiyo, na chia inaipita. Ni ghali kwa tilapia wa kawaida, lakini kwa trauti na kwa vifaranga ni dawa ya kweli. Huharibika upesi sana, kwa hiyo zinunuliwe kidogo kidogo na kuwekwa gizani.

Mafuta ya mawese ni ya bei nafuu na kambare huyapokea vizuri. Shida yake Eldoret ni baridi. Mji uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni hadi Agosti mafuta hayo huganda mtungini. Ukiyamimina juu ya peleti yakiwa mabonge, peleti moja itapata yote na nyingine itakosa. Yapashe moto polepole, mtungi ukiwa ndani ya maji ya moto, mpaka yawe maji kabisa na joto la mkono. Na kwa kuwa maji ya mabwawa yetu ni baridi, samaki humeng'enya mafuta ya kuganda kwa taabu zaidi. Usizidishe nusu ya mafuta yote unayoongeza. Kwa trauti, yaache kabisa.

Mafuta ya sangara, au mbuta, yanayokamuliwa kutoka kwenye matumbo na mabaki ya viwanda vya minofu kandokando ya Ziwa Viktoria, ni mafuta ya samaki halisi yanayopatikana kwetu. Naona ni busara kuyatumia yanapohitajika, kwa sababu yanatoka kwenye kile ambacho kingetupwa. Lakini hayana kipimo kinachofanana. Mengine yamechemshwa mno mpaka yakawa meusi, mengine yana maji chini. Nunua yaliyo mang'avu, yachuje kwa kitambaa, yaache yatulie, na umwage maji yanayokaa chini.

Funza wa nzi mweusi, wanaojulikana kwa wafugaji kama BSF, wamepata soko Kenya kwa kuwa kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe na wengine wamefanya kazi kubwa juu yao. Ni mbadala mzuri wa protini ya omena. Si mbadala wa mafuta ya samaki. Mafuta yao mengi ni ya kuganda, yenye asidi lauriki nyingi kama ya nazi, na omega-3 ni haba. Funza wasiokamuliwa wanaweza kupandisha mafuta ya gunia lako kupita kiasi, kwa hiyo waingize kwenye hesabu kama soya.

Kuna mafuta mawili ambayo nawasihi wafugaji wasiyaguse. Ya kwanza ni mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi na samaki mjini. Yanauzwa rahisi, mengine hutolewa bure, na kwa macho yanafanana na mafuta mengine. Joto la kukaangia mara kwa mara limekwisha kuyavunja, na sumu inayotokana na kuvunjika huko huenda moja kwa moja kwenye ini la samaki. Ya pili ni mashudu na mafuta ya pamba yasiyosafishwa, kwa sababu ya gosipoli, sumu ya mbegu ya pamba inayoharibu ukuaji na uzazi.

Maji ya kijani ni mafuta pia

Hili husahauliwa mno na wanaouza chakula, kwa sababu hawawezi kuliuza. Mwani mdogo wa bwawa, ule unaoyapa maji rangi ya kijani, ndio uliotengeneza omega-3 tangu mwanzo. Samaki wa baharini wanaokamuliwa mafuta hawaitengenezi. Wanaipata kutoka kwa mwani na wadudu wadogo wanaoula. Tilapia wako, akiwa kwenye bwawa la udongo lililorutubishwa, anakula mwani huo mchana kutwa bila kulipishwa.

Rutubisha bwawa kwa samadi ya ng'ombe iliyooza au ya kuku kidogo kidogo, ukiiweka kwenye gunia lililozamishwa pembeni. Kisha zamisha mkono mpaka kwenye kiwiko huku umekunja kiganja juu. Ukiona kiganja waziwazi, maji ni maskini, ongeza samadi. Kikipotea macho mkono ukiwa umezama hadi kiwiko, maji yako sawa. Kikipotea kabla hujafika nusu ya mkono, acha samadi na uingize maji mapya, maana alfajiri hewa itapungua na samaki wataanza kupumua juu ya maji.

Bwawa la namna hii linaweza kukidhi sehemu kubwa ya haja ya omega-3 ya tilapia, na ndiyo maana mchanganyiko niliouandika juu hauna mafuta yoyote ya kuongeza. Mwenye tangi la plastiki, bwawa lililotandikwa turubai na maji meupe, au kizimba ziwani hana msaada huo. Samaki wake wanategemea gunia peke yake. Huyo ndiye anayepaswa kuongeza kilo moja au mbili za mafuta ya soya au kanola, na vitamini E ya kutosha.

Vifaranga, wazazi na trauti

Sipendekezi kuyafuta mafuta ya samaki kila mahali. Kifaranga wa siku chache anajenga ubongo, macho na mapezi, na tumbo lake dogo halina nafasi ya kulirekebisha kosa. Samaki mzazi naye anaweka akiba kwenye mayai. Kwa hao, weka kilo 1 hadi 2 za mafuta ya samaki katika kila kilo 100, au tumia omena bora iliyochekechwa mchanga. Wanakula kidogo sana, hivyo gharama ni ndogo. Kwa maoni yangu, hapa ndipo omena na mafuta ya samaki yanastahili kwenda. Omena ni kitoweo cha familia nyingi zisizo na uwezo wa kununua nyama, kuanzia Kisumu hadi vibanda vya Langas na Huruma hapa mjini. Kuimwaga tani kwa tani kwenye mabwawa ya tilapia anayeweza kukua bila ya wingi huo si haki kwa mtoto anayeila.

Kwa trauti, lengo ni omega-3 ya mimea asilimia 1 ya chakula, au EPA na DHA nusu asilimia. Mafuta ya kitani kilo 2 katika kilo 100 huleta kilo 1 ya omega-3 ya mimea, na trauti ana uwezo wa kuigeuza kuwa EPA na DHA anayohitaji. Mafuta mengine ya kujaza hadi asilimia 15 yawe ya kanola. Bakiza mafuta ya samaki kilo 3 hadi 5 kama unaweza, hasa majira ya baridi. Na kuwa mkali sana juu ya kuvu: trauti ndiye samaki anayedhurika upesi zaidi na aflatoksini. Mwaka 1960 vituo vya trauti nchini Marekani vilipata mlipuko wa saratani ya ini, na chanzo kikabainika kuwa mashudu ya pamba yenye aflatoksini. Huku kwetu ambako mahindi huvunwa kwenye mvua, onyo hilo linatuhusu. Kiini cha mahindi chenye rangi ya kijivu au harufu ya kuvu kisiingie kwenye chakula cha samaki yeyote.

Wafugaji wa salmoni nchini Norwei, ambao samaki wao ni wagumu kuliko tilapia kwa jambo hili, walikuwa wakiweka mafuta ya bahari asilimia 24 kwenye chakula mwaka 1990. Kufikia mwaka 2013 walikuwa wameshuka hadi asilimia 11 hivi, na mafuta ya kanola yakachukua nafasi iliyobaki. Hawakuacha yote. Walibakiza kiasi ambacho samaki na mlaji wanahitaji.

Jinsi ya kuyachanganya

Soya lazima ikaangwe. Mbichi ina vizuizi vinavyozuia protini kumeng'enywa. Ikaange mpaka iwe ya rangi ya dhahabu na ukiivunja ndani isiwe na harufu ya maharage mabichi. Ikiungua, umeiharibu pia. Saga viungo vyote laini, pika muhogo uwe uji, changanya, kisha pitisha kwenye mashine ya kusaga nyama au ya peleti.

Mafuta ya kuongeza yasiingie kabla ya mashine. Unga wenye mafuta mengi huteleza, haushikani, na peleti huvunjika majini kabla samaki hajafika. Kausha peleti kwanza kivulini, kwenye wavu au turubai lenye kivuli, kwani jua kali huchoma vitamini na kuanza kuyaharibu mafuta. Zikiwa kavu, zitandaze, nyunyizia mafuta ya vuguvugu kwa bomba la mkono huku mwenzako akizigeuza kwa koleo la mbao, na uziache usiku kucha ziyanywe.

Harufu ndiyo kipimo chako cha kila siku. Chakula kizuri kina harufu ya nafaka na samaki mkavu. Mafuta yaliyochacha hunuka kama rangi ya nyumba iliyokaa, na hakuna kiungo kinachoweza kuyafufua. Chakula cha nyumbani kitumike ndani ya mwezi mmoja, magunia yakiwa juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pakavu. Mvua za Aprili hadi Agosti zinaharibu chakula kingi zaidi kuliko panya.

Kulisha kwenye baridi, na kupima matokeo

Maji ya tilapia yakishuka chini ya nyuzi 20 hamu yake hupungua sana; chini ya 16 hali kabisa. Asubuhi za Julai, maji ya mabwawa mengi ya Uasin Gishu yako huko. Lisha kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, maji yakiwa yamepata jua, na upunguze kiasi. Chakula kisicholiwa huoza na mafuta yake huelea juu ya maji kama utando.

Ukibadilisha mchanganyiko, usibadilishe mabwawa yote kwa pamoja. Lisha bwawa moja chakula kipya na jingine cha zamani, samaki wakiwa wa umri mmoja. Kila wiki mbili vua samaki 30 kwa wavu, wapime kwa pamoja kwenye ndoo, andika uzito. Mwishoni gawanya kilo za chakula kwa kilo za samaki zilizoongezeka. Ukilisha kilo 90 na samaki wakaongezeka kilo 50, umetumia 1.8, ambayo ni nzuri. Zidisha kwa bei ya kilo moja ya chakula, utaona gharama ya kila kilo ya samaki, na hapo hutahitaji mtu wa kukuambia chakula kipi ni bora.

Siku ya kuvuna, pasua samaki watatu. Ini lenye afya ni jekundu la kahawia, laini bila kupasuka kwa kidole. Likiwa la manjano na lenye kulegea, na utumbo ukiwa umezungukwa na mafuta meupe mazito, chakula chako kina mafuta kupita kiasi au yamechacha. Matamvua yaliyopauka na mgongo uliokonda ni dalili za mafuta yaliyochacha pia. Punguza soya nzima, badilisha nusu yake kwa mashudu, na upime tena baada ya mwezi.

Mnunuzi akikuuliza kama samaki wako wana omega-3, mwambie kweli. Tilapia aliyelishwa mafuta ya mimea anayo kidogo kuliko samaki wa baharini. Kama hoteli au hospitali inataka zaidi, walishe samaki hao wiki sita hadi nane za mwisho chakula chenye mafuta ya kitani kilo 2 au mafuta ya mbuta kilo 2 katika kila 100, kisha wauze kwa bei inayorudisha gharama hiyo. Andika tarehe ulipoanza chakula cha kumalizia na ubandike kwenye gunia, ili asiyekuwepo siku hiyo asimwage cha kawaida juu yake.